Dari ya Zahanati

Jumanne, 6 Julai 1976

Nimepima watoto tangu asubuhi kwenye baraza ya stoo ya pamba. Mzani umening'inia kwenye boriti. Kina mama wamekalia magunia. Mtoto mmoja alinitapikia kwenye sketi. Siku ya kawaida.

Haya yataisha. Zahanati inakaribia. Tulipohamishiwa kijiji hiki tuliahidiwa maji, shule na zahanati. Maji bado. Shule ipo. Kuta za zahanati tumezifyatulia matofali wenyewe, bati limepigwa, sasa ni dari. Silingibodi, mbao za dari, zimetoka kwenye nyumba za wakubwa wa ule mgodi wa dhahabu uliofungwa kule vilimani. Wilaya iliruhusu zibomolewe. Vijana walizing'oa kwa mitaimbo, wakazileta kwa trekta wakiimba.

Masatu ndiye anayezikata. Mume wangu ndiye seremala tuliye naye, hakuna mwingine. Amerudi jioni mweupe kama mtu wa mashine ya kusaga. Binti yetu Sabina alimrukia shingoni kabla hajanawa. Shati nimelikung'uta nje. Likatoa wingu.

Ijumaa, 9 Julai

Dari imekwisha. Nimeingia peke yangu nikasimama katikati ya chumba cha kuzalishia nikitazama juu. Nyeupe. Hakuna buibui, hakuna masizi. Nimezalisha watu miaka tisa chini ya nyasi na moshi. Nilitaka kulia.

Wifi yangu Ghati, mke wa kaka yangu, atazalia hapa. Mimba mbili zilizotangulia zilimpotea, zote nyumbani, zote mimi nikiwa sipo. Nimemwahidi kitanda.

Jumatano, 14 Julai

Siku mbaya.

Bwana Afya mpya amekuja kwa baiskeli kutoka Bunda. Anaitwa Majura, Mjita wa Mugango, mpole, ndiyo kwanza ametoka kozi. Nilimtembeza mwenyewe, watu wakitufuata. Nilitaka asifie. Choo alisifia. Kisima cha muda akakikosoa kidogo. Alipoingia chumba cha kuzalishia akatazama juu. Akachuchumaa, akaokota kipande kwenye takataka kwa vidole viwili, akakipeleka dirishani kutazama ukingo wake. Ukingo ulikuwa na manyoya ya kijivu kama sufi.

"Nesi, nani alikata hizi?"

"Mume wangu."

"Kwa msumeno?"

"Sasa angezikata kwa meno?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alitutoa wote nje akafunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala. Akasema anaogopa hizo mbao zina asbesto. Ni jiwe, alisema, lakini jiwe lenye nyuzi. Nyuzi ni nyembamba kuliko unywele, hazionekani kwa macho zikiwa hewani. Mtu akizivuta zinaingia mapafuni na hazitoki. Hazimuumizi leo. Zinakaa miaka na miaka, mpaka pafu linakuwa gumu kama ngozi iliyokauka.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Magesa, alimuuliza kama ana uhakika.

"Sina, mzee. Kwa macho siwezi kuapa. Kuna silingibodi za makapi ya miwa, kuna za unga wa mbao, na kuna hizi. Zikishapakwa rangi zote ni dada. Lazima ipimwe."

Mwenyekiti akachukua kipande kingine akakitupa kwenye jiko la mama lishe wa mafundi. Tulisimama tukitazama. Kuni ziliungua, kipande hakikuungua. Akakitoa kwa kijiti, akakiinua juu.

"Haiungui! Hii ni mali! Wazungu walijua walichokuwa wanafanya!"

Watu wakapiga makofi. Majura alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniambia pembeni kwamba kutoungua si ushahidi kamili, lakini ndicho alichokuwa anakiogopa.

Alhamisi, 15 Julai

Amechukua sampuli. Nimemsaidia kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Naandika alivyofanya, nisisahau. Madirisha yote kufungwa, upepo usipite. Watu wote mbali. Sisi wawili tulijifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani na mdomoni, ingawa alisema kitambaa ni afadhali tu, si kinga. Alikuja na bomba jipya la kupulizia dawa ya pamba, halijawahi kutiwa dawa, akajaza maji ya sabuni. Akapulizia kona moja ya dari mpaka ikalowa na kuvuja. Hapo ndipo akapanda ngazi, akakata kipande kidogo kwa kisu, polepole, hakusugua, hakuvunja. Moja kwa moja kwenye kopo la maziwa ya unga. Kifuniko. Mfuko wa nailoni. Mfuko mwingine. Akaandika juu yake. Tundu akaliziba kwa rangi nzito. Sakafu tukaifuta kwa tambara bichi. Aliponiona nashika ufagio alinipigia kelele, mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Kufagia pakavu ndiko kunakoamsha vumbi.

Kopo litakwenda Musoma, kisha Mwanza, kisha Dar es Salaam. Huko ndiko kuna darubini na watu wanaozijua hizo nyuzi. Ameweka kufuli. Ufunguo amenipa mimi. "Asiingie mtu mpaka jibu lije."

Nilikuwa na swali moja la kumuuliza. Mbao za nyumba nzima zimekatwa na mtu mmoja. Sikuuliza.

Jumapili, 18 Julai

Baada ya ibada, mkutano. Nimechoka na mikutano.

Mwenyekiti alisema sana. "Mkoloni alilala chini ya hizi mbao miaka yote wala hakufa. Zimekuja kwetu ndiyo zimekuwa sumu?" Makofi. Mwingine akasema kuna watu hawataki kijiji cha ujamaa kifanikiwe, wanakujaga na baiskeli na maneno ya kozi. Makofi zaidi. Majura hakuwepo kujitetea. Wakaniuliza mimi. Nikasema tusubiri jibu. Nilisema kwa sauti ndogo. Hata mimi nilikuwa na hasira naye. Wanawake saba wana mimba kubwa hapa. Wote wanamtazama nesi mwenye ufunguo ambaye hafungui.

Masatu alikaa nyuma. Nyumbani akasema, "Nimekula vumbi la mninga, la mvule, la mkaratasi. Hili nalo litanifanya nini?"

Nikasema sijui. Ni kweli sijui.

Jumatatu, 19 Julai

Nimemkuta nyuma ya nyumba anaosha msumeno kwa maji na sabuni. Fundi haoshi msumeno kwa maji, unashika kutu. Aliponiona akasema una utomvu.

Hauna utomvu.

Jumatatu, 26 Julai

Hakuna jibu. Kliniki kwenye baraza ya stoo. Pamba inazidi kuingia, tumesukumwa mpaka ukingoni.

Jumanne, 3 Agosti

Mwenyekiti amekuja kutaka ufunguo. Mgeni kutoka mkoani anataka kuiona zahanati. Nilikuwa nabandika maharage.

"Nipe ufunguo, Mama Sabina."

"Sina ruhusa, mzee."

"Ruhusa ya nani? Matofali yale ulibeba wewe, nilibeba mimi. Huyo kijana alibeba lipi?"

Ni kweli. Hakubeba hata moja. Mzee Magesa ana miaka zaidi ya sitini na alikanyaga udongo kwa miguu yake mpaka ikapasuka. Si mtu mbaya. Anataka jambo zuri alione kabla hajafa.

Sikumpa. Niligeukia maharage yangu. Aliondoka bila kuniaga. Mgeni alitazama jengo kupitia dirishani, akapanda Landrova yake, akaenda.

Jumapili, 8 Agosti

Nimempima Ghati. Mtoto amekaa vibaya. Kichwa kiko juu, matako chini. Nimejaribu kumgeuza, amekataa.

Nimemwambia aende Musoma, akakae kwa ndugu zetu Buhare, asubiri karibu na hospitali. Amekubali. Lori la pamba litapita Ijumaa. Kaka yangu yuko Bunda msimu huu, anafanya kazi ya kuchambua pamba. Nimemtumia salamu.

Naogopa. Naandika ili nipunguze.

Alhamisi, 12 Agosti

Hakungoja Ijumaa.

Jana asubuhi chupa ilipasuka akiwa anapepeta mtama. Trekta ilikuwa Bunda. Lori hakuna. Basi limeshapita. Nilimkuta jikoni kwa mama yangu. Giza, moshi, mbuzi kamba yake imefungwa kwenye nguzo. Nikapiga magoti nikahisi mguu wa mtoto. Mguu mmoja.

Katika jiko lile nisingeona chochote. Mtoto anayetanguliza matako anataka mwanga na meza na nafasi ya mikono yangu. Wale wawili wa kwanza walipotea katika jiko lile lile.

Nilikwenda kufungua.

Sikuingia hivi hivi. Nilimwaga maji sakafuni. Nikafuta meza, dirisha, kila kitu, kwa matambara mabichi, nikarudia mara ya pili, huku mama ananiita mjinga nje, mtu anazaa wewe unapiga deki. Nikawakataza kubamiza mlango. Niliruhusu watu wawili tu. Sikutazama juu hata mara moja.

Miguu ikatoka, kisha tumbo. Mikono ikanasa. Nikamzungusha kama nilivyofundishwa, mkono huu, kisha ule. Kichwa kikabaki. Ghati hakuwa anapiga kelele tena, alikuwa ananitazama tu. Sitaki kuyaona yale macho tena. Kisha kichwa kikatoka. Mtoto wa bluu, hapumui. Nikamfuta, nikampulizia, nikamsugua mgongo. Akalia.

Wa kiume.

Nimefunga tena mlango. Nje vigelegele. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Umetumia akili." Anadhani nimehamia upande wake. Ile furaha yangu iliingia mchanga pale pale.

Jumamosi, 21 Agosti

Ghati yuko vizuri. Mtoto ananyonya. Nikimbeba nahesabu anavyovuta pumzi. Ya kwanza katika maisha yake aliivutia chini ya dari ile. Mimi ndiye niliyemvutisha. Sijamwambia mtu ninachowaza. Hapa kila mtu ananipongeza.

Jumatano, 1 Septemba

Majura amekuja. Nilimwona kwa mbali akiikokota baiskeli badala ya kuipanda, nikajua.

Ameambiwa kwa simu akiwa Musoma. Imo. Asbesto, na si kidogo. Zile laini, zinazomeguka upesi. Bora zingekuwa ngumu kama mabati ya saruji, alisema, zile zikiachwa bila kuvunjwa hazisumbui sana.

Nikamwambia nilifungua. Nikamsimulia yote, haraka, kama mtoto anayeungama. Nilitegemea anifokee. Aliniuliza maswali. Mlikaa muda gani? Uligusa dari? Sakafu ulifagia au ulifuta? Nikajibu.

Akasema, "Nesi, kwa mtoto sina hofu kubwa. Ni saa chache, mbao hazikuguswa, ulilowesha. Hata mimi ningefungua." Akatazama kibanda cha Masatu, kule meza yake ya kazi ilipo. "Hofu yangu iko kwa aliyekata."

Basi. Limesemwa.

Masatu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Akauliza, "Itanichukua muda gani?"

"Sijui, kaka. Miaka ishirini. Thelathini. Wengine haiwapati kabisa. Hakuna anayeweza kukuambia."

"Na Sabina?" niliuliza. "Alikuwa anamrukia. Shati nilikuwa nalikung'uta mimi."

Majura akasema vumbi la kwenye nguo nalo huhesabika, lakini si kama la msumeno. Alijaribu kusema vizuri. Nilimchukia, na alikuwa amenieleza ukweli.

Jumamosi, 4 Septemba

Mbao lazima zishuke. Zilowekwe, zishushwe nzima nzima bila kuvunjwa, zizikwe shimo refu mbali na maji. Kijiji kimekubali. Mwenyekiti hakubisha. Amezeeka wiki hii.

Ugomvi ni nani azishushe. Majura alisema mtu yeyote isipokuwa Masatu, amekula vumbi la kutosha. Masatu akasema ni yeye au hakuna.

Tumegombana nyumbani. Nilimwambia ana mtoto. Akasema wale vijana nao wana mama zao.

"Misumari nilipiga mimi. Najua kila mmoja ulipo. Ukimpa Mwita au Chacha ataingiza mtaimbo, ubao utapasuka vipande vipande, vumbi watakula wao na wewe utakayefanya kazi mle. Unataka hivyo?"

Nilivunja chungu. Si kwa makusudi. Labda kwa makusudi.

Jumanne, 7 Septemba

Zimeshuka.

Tangu asubuhi Majura alipulizia, akangoja, akapulizia tena, mpaka maji yakawa yanadondoka kama mvua ndani ya nyumba. Wawili tu ndani, yeye na Masatu. Vitambaa usoni, magunia mabichi mlangoni. Sisi tulikaa mbali, kijiji kizima, kimya kama msibani. Nilisikia msumari mmoja mmoja ukitoka. Taratibu. Sijawahi kumsikia akifanya kazi taratibu hivyo.

Kila ubao ulitoka mzima, umefunikwa gunia bichi. Ubao mmoja ulipasuka kona. Nilisikia Majura akisema "simama, simama," kisha sauti ya bomba, muda mrefu. Kisha msumari mwingine.

Shimo limechimbwa kule kwenye kichuguu kikubwa, hakuna anayelima. Mwenyekiti alibeba maji pamoja na kina mama, debe kichwani. Mwanaume wa umri wake. Hakuna aliyecheka.

Nguo zao zilivuliwa nje zikiwa mbichi, zikatupwa shimoni juu ya mbao. Masatu alioga uchi nyuma ya ukuta wa magunia, mimi namwagia maji. Nilimsugua nywele mpaka akasema ninamchubua. Sikuacha.

Alhamisi, 9 Septemba

Leo, kabla shimo halijafukiwa, Mzee Magesa alikuja njiani peke yake na kitu kichwani kimefungwa kwenye blanketi bichi. Silingibodi mbili. Kumbe alijiwekea juu ya kitanda chake tangu Julai.

Akazilaza shimoni mwenyewe. Akamgeukia Majura. "Kijana, kuna wengine walichukua. Za kuezekea mabanda ya mbuzi. Nitakupeleka nyumba kwa nyumba. Ukienda wewe peke yako watazificha."

Wameondoka pamoja. Majura anakokota baiskeli, mzee anaongea. Bado hawapendani.

Ijumaa, 1 Oktoba

Zahanati imefunguliwa. Hakuna hotuba. Hakuna dari pia. Mchana bati linawaka, popo wameshahamia. Nimefuta kila kona mara nyingi kuliko ninavyokumbuka na Majura amekagua kwa tochi. Mgonjwa wa kwanza hakuwa mama mjamzito. Ni mzee mwenye mwiba kisiginoni, ametoka mbali. Nimeutoa. Akaulizia dawa ya macho pia, maadamu ameshafika.

Jumamosi, 16 Oktoba

Masatu amerudi kutoka Musoma. Alilala huko siku mbili kwa ajili ya picha ya kifua. Daktari amesema haionyeshi kitu. Amesema pia isingeonyesha kitu sasa hivi, arudi kila mwaka. Amemwambia aache sigara. Ameziacha kwenye basi, anasema. Tutaona.

Ameleta sato wawili wakubwa, wamefungwa kwa nyasi. Sabina amelala mapema, ana mafua, mafua ya kawaida, nimemsikiliza kifua.

Tulikaa nje, jua bado lipo. Wingu la mvua upande wa ziwa. Watu wameanza kutayarisha mashamba. Ghati alipita na mtoto mgongoni akatusalimia bila kusimama.

Nilimuuliza Masatu anasikiaje. Nilitaka aniambie ukweli, chochote kile.

Aliwatazama wale sato.

"Nasikia njaa," akasema.

Nikaenda kusonga ugali.